Shusha Tanki, Usikate Sakafu

Gari la abiria likizimika kwenye mlima kati ya Kiwira na Tukuyu na kugoma kuwaka tena, pampu ya mafuta ndiyo hushukiwa kabla ya kitu kingine. Shaka hiyo ikishatamkwa, linakuja swali la pili ambalo ndilo gumu zaidi: pampu inafikiwaje? Katika Toyota Noah na HiAce za petroli, pampu haikai kwenye injini ambako mkono unafika. Imezama ndani ya tanki, tanki limefungwa chini ya gari, na mdomo wake wa juu umesogeleana na sakafu wanayoikanyaga abiria. Njia za kuufikia mdomo huo ni mbili. Ya kwanza ni kulegeza tanki na kulishusha. Ya pili ni kuinua kapeti, kukadiria pampu ilipo, kisha kutoboa sakafu kwa grenda au patasi. Hii ya pili ina wafuasi wengi kwa kuwa inaonekana ya haraka. Hoja yangu ni kwamba haifai hata mara moja, na sababu yake ni fupi: wakati pekee ambapo ni salama kukata sakafu iliyo juu ya tanki la petroli ni pale tanki linapokuwa limeshaondolewa, na likishaondolewa, pampu iko mikononi mwako na tundu halina kazi tena.

Kabla hatujafika huko, hakikisha kwanza kwamba gari lako lina pampu ndani ya tanki. HiAce nyingi zinatumia dizeli, na katika injini za dizeli za zamani za Toyota kama 2L, 3L na 5L, pampu imefungwa kwenye injini, inazungushwa na injini yenyewe, na ndiyo inayovuta mafuta kutoka kwenye tanki na kuyasukuma hadi kwenye nozeli. Mwenye gari la namna hiyo akifungua sakafu kutafuta pampu, anatafuta kitu ambacho hakipo. Noah za petroli zenye injini ya 3S-FE, na HiAce za petroli zenye injini kama 1TR-FE, zina pampu ya umeme ndani ya tanki. Noah za kuanzia mwaka 2001 zenye injini ya 1AZ-FSE zina pampu mbili: ya umeme ndani ya tanki, na nyingine ya msukumo mkubwa kwenye injini. Mwenye gari la aina hii anapaswa kujua ni ipi imeshindwa kabla hajanunua chochote, na asikubali mtu afungue mabomba ya upande wa injini kwa kubahatisha, kwa sababu humo petroli hukaa kwa msukumo wa makumi ya baa.

Hatua inayofuata ni kuthibitisha kwamba pampu imekufa kweli. Fyuzi iliyoungua, rilei iliyochoka, waya uliooza na kiungo cha athi kilichoshika kutu vyote huleta dalili zile zile za pampu mbovu, na vyote vinatengenezwa bila kugusa tanki. Wengi husikiliza mlio wa pampu wanapowasha swichi, na wasipousikia hukata shauri kwamba pampu imekwisha. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 huo si ushahidi. Rilei ya pampu hupitisha umeme pale tu stata inapozunguka au injini inapokuwa imewaka. Swichi ikiwashwa tu, hata pampu nzima hukaa kimya. Nyingi za gari hizo zina kisanduku kidogo cha plagi karibu na injini, kimeandikwa DIAGNOSIS kwenye kifuniko chake. Ukiunganisha kwa waya mfupi tundu la +B na tundu la FP, kisha ukawasha swichi, umeme huenda kwenye pampu moja kwa moja. Pampu ikiunguruma, basi yenyewe ni hai, na tatizo liko kwenye rilei au kwenye waya unaoiamuru. Isipounguruma, pima kama umeme unafika kwenye plagi ya pampu. Hapa mita peke yake hudanganya, kwa sababu waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu huonyesha volti 12 ukiwa hauna mzigo, lakini hauwezi kuendesha pampu. Balbu ya indiketa ya wati 21 hutoa jibu la kweli zaidi: ifunge kwenye plagi kabla ya kuwasha swichi, ili cheche isitokee karibu na tanki. Ikiwaka kwa nguvu, njia ya umeme na ya athi ni nzima. Na kama pampu inaunguruma lakini gari halina nguvu mlimani, funga geji ya msukumo kwenye njia ya mafuta. Injini nyingi za petroli za EFI za kawaida huhitaji baa 2.5 hadi 3.5, na ukikuta pungufu, filta iliyoziba ni mshukiwa sawa na pampu.

Inafaa pia kuuliza kwa nini pampu ilikufa, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama utaikuta kazi hii tena baada ya miezi michache. Pampu ya ndani ya tanki hupozwa na petroli inayoizunguka na inayopita ndani yake. Gari linaloendeshwa siku zote taa ya mafuta ikiwaka huinyima pampu ubaridi huo, na mazingira ya Rungwe, wilaya ya Kiwira na Tukuyu, yanaongeza adha. Kutoka Kyela, iliyo takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari, hadi Tukuyu, iliyo takriban mita 1,500, gari hupanda kwa muda mrefu likiwa limeinamia nyuma, na njia za pembeni kama ile ya Katumba kwenda Mbambo zina kona na miteremko inayoyafanya mafuta machache yakimbilie upande mmoja wa tanki. Pampu hubaki ikivuta hewa, inapata joto, inalika. Sababu nyingine ni uchafu. Petroli inayouzwa kwenye chupa na madumu vijijini huingia kwenye tanki na vumbi, maji na kutu. Uchakachuaji nao ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike. Jambo hili linahusu mjadala wetu moja kwa moja: anayebadilisha pampu kupitia tundu la sakafuni haoni kilicho chini ya tanki, kwa hiyo huweka pampu mpya kwenye tope lile lile lililoua ya zamani.

Sasa tuchukulie kwamba vipimo vimeonyesha pampu ndiyo iliyokufa. Kitu cha kwanza ni kuinua kapeti na kiti kilicho juu ya tanki na kutafuta kifuniko kilichowekwa na kiwanda. Baadhi ya magari yanacho, mengine hayana, na toleo moja huweza kutofautiana na jingine hata kama majina yanafanana. Angalia kutoka chini uone mabomba ya mafuta na waya wa pampu vinaingia upande gani wa tanki, kisha tafuta juu ya sehemu hiyo bamba lililofungwa kwa skrubu na lenye mpira pembeni. Ukilikuta, kazi yako imepungua nusu. Usipolikuta, kiwanda kimekuambia kwamba pampu ya gari hili inafikiwa kwa kushusha tanki, na hapo ndipo grenda inapoletwa.

Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo hutoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ubaridi wa Tukuyu wa mwezi Julai, ambao huwafanya watu wa gereji wakusanyike kwenye jiko la mkaa, hauna kinga yoyote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai kwenda zake. Hutambaa chini, hujaa kwenye mabonde ya bodi, na hutulia ndani ya shimo la gereji. Mchanganyiko wake na hewa huwaka ukiwa na mvuke wa asilimia 1.4 hadi 7.6 tu, na hapa ndipo kosa kubwa hufanyika: watu huamini tanki likimwagwa mafuta linakuwa salama. Ndani ya tanki lililofungwa na lenye petroli nyingi, mvuke mara nyingi huwa mwingi mno kuliko kiwango hicho. Likimwagwa na kuachwa wazi, hewa huingia, mvuke hupungua, na mchanganyiko hushuka hadi pale pale unapoweza kulipuka. Tanki tupu ambalo halijasafishwa ni la hatari zaidi kuliko lililojaa. Cheche za grenda ni chembe za chuma zinazowaka, zinaruka mita kadhaa, na zinaangukia hasa pale mvuke unapokaa. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, moto wa petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori uliua watu zaidi ya 100. Kiasi cha mafuta pale hakilingani na cha Noah moja, lakini tabia ya mvuke ni ile ile, na fundi aliyelala chini ya gari hana pa kukimbilia.

Wapo watakaosema kwamba grenda si lazima: sakafu inaweza kukatwa kwa patasi au mkasi wa bati, polepole, bila cheche. Hoja hii ina uzito zaidi kuliko ile ya haraka tu, lakini haiondoi tatizo. Mkasi hauanzi kukata bila tundu, na tundu hutobolewa kwa drili au kwa patasi inayogongwa kwa nyundo, chuma kwa chuma, sentimita chache juu ya plastiki ya pampu na mabomba yake. Anayekata hawezi kuona kilicho chini ya bati: waya wa pampu, bomba la kurudisha mafuta, bomba la mvuke, na katika baadhi ya magari mabomba ya breki au waya wa breki ya mkono. Patasi ikizama zaidi kidogo, gari linaweza kutoka gereji likiwa na bomba lenye jeraha ambalo litapasuka siku nyingine, kwenye mteremko wa kwenda Kyela, likiwa limejaa watu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni hili: kama kiwanda chenyewe huweka kifuniko sakafuni katika baadhi ya magari, kosa liko wapi tukiweka cha kwetu? Tofauti iko kwenye jinsi tundu lilivyozaliwa. Tundu la kiwandani lilikuwemo kwenye mchoro wa bodi. Kingo zake zimekunjwa ili zisipoteze nguvu, mahali pake pamepimwa, chuma kimepakwa kinga ya kutu baada ya kukatwa, na kifuniko kina mpira unaozuia maji na mvuke. Tundu la gereji lina kingo mbichi, na kifuniko chake kwa kawaida ni kipande cha bati kilichobanwa kwa ribiti na kupakwa silikoni. Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na maji ya barabarani hurushwa na matairi moja kwa moja kwenye sehemu hiyo. Kingo mbichi hushika kutu, kutu hutambaa chini ya rangi, silikoni huachia, na baada ya muda sakafu ya chini ya kiti cha abiria inakuwa laini. Mbaya zaidi, sakafu ndiyo inayotenganisha abiria na mafuta. Ikiwa na upenyo, harufu ya petroli huingia ndani ya gari lililofungwa madirisha kwa sababu ya mvua, na moto ukitokea chini, abiria hupoteza sekunde chache ambazo zingewatosha kushuka. Mwenye leseni ya kubeba abiria kutoka LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ana wajibu kwa watu hao, na tundu la namna hii ni ubovu ambao mkaguzi yeyote makini ana haki ya kuukataa.

Basi tanki linashushwaje bila kuleta hatari nyingine? Chagua mahali tambarare, penye hewa, nje ya banda ikiwezekana, na kamwe si juu ya shimo. Zima jiko la mkaa na mashine ya kuchomelea iliyo jirani, zuia sigara, na weka karibu kizima moto cha poda pamoja na mchanga. Punguza msukumo kwenye mabomba kwa kuchomoa rilei au plagi ya pampu na kuliacha gari lizimike lenyewe, kama bado linawaka. Kisha ondoa waya hasi wa betri. Toa mafuta kwa pampu ya mkono. Kufyonza kwa mdomo kumezoeleka, lakini petroli kidogo ikiingia mapafuni inaweza kuua. Yapokee mafuta kwenye chombo kinachofungwa na kilichokaa chini ardhini. Kumwaga mafuta kunapunguza mzigo pia: lita 40 za petroli zina uzito wa karibu kilo 30. Kaza vigingi kwenye matairi na uliegemeze gari kwenye stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayelala chini.

Bolti za tanki katika wilaya yenye mvua kama hii huwa zimeshikana. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni ya siku iliyotangulia, na tena asubuhi. Ikibidi bolti ikatwe, ikatwe kwa msumeno wa mkono tanki likiwa bado limefungwa vizuri na mipira yote haijafunguliwa, si kwa grenda wala kwa gesi. Legeza mpira wa kujazia mafuta na ule wa hewa, weka jeki yenye ubao mpana chini ya tanki, kisha fungua mikanda yake na ulishushe sentimita chache tu. Hapo mkono utafika juu yake kuchomoa plagi na mabomba. Wanaolivuta kwa haraka ndio wanaokata waya. Weka alama kwenye kila bomba, kwa sababu la kwenda na la kurudi yanafanana. Tanki likiwa chini, lifute na ulipulize vumbi kabla ya kufungua mdomo wa pampu, vinginevyo mchanga wote utaanguka ndani. Pete inayobana pampu, kama ipo, igongwe kwa mti au shaba.

Hapa ndipo kushusha tanki kunapolipa. Unaliona lote. Unaona kama chini yake kuna maji na tope, kama kuna kutu ndani, kama mikanda imelika, kama mabomba ya juu yamepasuka. Hakuna lolote kati ya hayo linaloonekana kupitia tundu la sakafuni. Osha tanki, badilisha kichujio cha mdomoni mwa pampu pamoja na filta ya njiani, na weka mpira mpya wa mdomo hata kama wa zamani unaonekana mzima, kwa sababu ukishagandamizwa kwa miaka haurudi umbo lake. Nunua pampu kwa kutumia namba ya chesesi na ya injini, si kwa kufananisha umbo, na mpira unaounganishwa kwenye pampu usikubali uwe wa kupitishia maji. Ndani ya tanki unahitajika mpira uliotengenezwa kuzama kwenye mafuta. Ukimaliza, weka angalau lita 10, washa pampu, na ukague kila kiungo kwa macho na kwa pua kabla gari halijabeba mtu.

Linabaki pingamizi la fedha. Noah ya biashara inadaiwa hesabu kila siku, dereva ana kwake, na spea mara nyingi inafuatwa Mbeya, kama kilomita 70 kutoka Tukuyu. Kusubiri siku nzima kunauma, na sipuuzi hilo. Lakini tazama muda unapotea wapi. Unapotea kwenye kununua pampu isiyohusika na kwenye kurudia kazi. Mwenye gari aliyepima kwanza, akaagiza spea sahihi gari likiwa bado linatembea kwa kusuasua, na bolti zikapuliziwa jana yake, anaipata kazi ya kushusha tanki ndani ya siku moja. Aliyekata sakafu ameokoa saa chache, na akabakiwa na tanki chafu, bati linalooza na upenyo chini ya abiria. Wanaosema tundu litasaidia siku pampu ikifa tena wanakiri kwamba wanategemea ife tena. Pampu nzuri, inayopewa mafuta safi na tanki lisiloachwa chini ya robo, hudumu miaka mingi kiasi kwamba njia ya mkato haina faida.

Kama gari lako limeshakatwa, tundu lisichomelewe tanki likiwa mahali pake. Tanki lishushwe, litolewe kabisa eneo la kazi, ndipo kipande cha bati la unene ule ule kichomelewe, kipakwe kinga ya kutu pande zote mbili, na ukaguzi wa waya na mabomba ufanywe kabla tanki halijarudi. Na wenye magari wasiwatupie mafundi lawama zote. Fundi hukata sakafu kwa sababu mwenye gari amesimama pembeni akiuliza linatoka saa ngapi, na amekubali kulipia pampu lakini si kulipia muda. Mwambie mapema kwamba unataka tanki lishushwe, kwamba utalipia siku nzima, na kwamba unataka kuona kilichokuwa ndani ya tanki kabla halijafungwa. Mafundi wa Tukuyu wanajua kazi hii. Wanahitaji mteja anayewaruhusu kuifanya inavyopaswa.